Jirani wa Mbali: Mazungumzo Juu ya Bima na Hatari

Wasikilizaji wapenzi, leo nimekusudia kuzungumza nanyi juu ya bima. Najua wapo watakaonyoosha mkono kuizima redio wakilisikia neno hilo, kwa kuwa aghalabu hulisikia kinywani mwa mtu mwenye mkoba na karatasi nyingi, atakaye fedha leo na kuahidi faraja siku isiyojulikana. Nawaombeni mnistahimilie kidogo. Mimi sina mkoba, wala siuzi kitu.

Neno lenyewe lilitufikia kwa njia ya bahari, kama mengi ya maneno yetu. Wahindi husema bima, Waajemi husema bime, na katika lugha hiyo ya Kiajemi bim maana yake ni hofu. Basi asili ya bima ni hofu. Si hofu ya mtoto aogopaye giza, bali ile hofu yenye akili ndani yake, imfanyayo nahodha ayatazame mawingu kabla ya kutweka tanga.

Mazungumzo yetu nitayatilia nanga mahali pamoja, yasije yakachukuliwa na mkondo. Mahali hapo ni kisiwa cha Bwejuu. Msichanganye na Bwejuu ya Unguja, iliyoko pwani ya mashariki. Bwejuu niisemayo ni ya Mafia, kijisiwa cha mchanga kilicho kusini magharibi mwa kisiwa kikubwa, ukishaipita Ras Kisimani, mbele yake delta ya Rufiji na mikoko yake, nyuma yake Mafia yenyewe. Watu wake ni wavuvi, na miongoni mwao wapo wageni waliokuja dago, wakajenga vibanda vya makuti, wakavua msimu wao, kisha wakarejea kwao.

Nilipofika huko nilimkuta mzee mmoja, nahodha wa siku nyingi, mashua yake imeegeshwa mchangani naye yuko chini yake akiipaka deheni. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza nimeletwa na shughuli gani. Nikamwambia nimekuja kuzungumza habari za bima. Akacheka mpaka mkono wenye deheni ukagusa kanzu. "Bima ni ya wenye motokaa, mwanangu," akasema, "na hapa motokaa iko wapi?"

Je, wasikilizaji, alikosea? Alipatia nusu. Kwa kuwa sheria ya nchi yetu humlazimisha mwenye chombo cha moto kiendacho barabarani kukikatia bima, watu wengi hawajui bima nyingine ila ile ya stika ya gari na pikipiki. Nayo pia huijua kwa majina mawili tu, bima ndogo na bima kubwa. Bima ndogo ni ile inayomlipa mtu mwingine uliyemgonga au kumharibia mali yake, wala haikulipi wewe kitu. Bima kubwa humlipa yule, na pia hukutengenezea gari lako lililovunjika au hukulipa lililoibiwa. Nimesema bima ndogo haikulipi wewe kitu, nami narudia kwa makusudi, maana wamekuwa wengi waliokwenda kudai pikipiki yao iliyoungua, na stika mkononi, wakarudi wameinamisha vichwa. Hayo ya barabarani yanatosha. Turudi kwa mzee wetu chini ya mashua, kwani pale alipo, akiipaka chokaa na mafuta, ndipo penye elimu.

Kwa nini aipaka deheni? Kwa sababu wapo wadudu wa baharini wazitoboao mbao, na mashua isiyopakwa huliwa. Sasa nawauliza: kuliwa kwa mashua isiyopakwa ni hatari, au si hatari? Kwa mazoea ya kusema, ni hatari. Kwa watu wa bima, siyo. Hatari, kwa maana yao, ni jambo baya ambalo huenda likatokea na huenda lisitokee, na likitokea halikutokana na kusudi la mwenye mali. Jambo ambalo kutokea kwake ni yakini, kama mbao kuoza, tanga kuchakaa na kamba kukatika kwa uzee, hilo si hatari bali ni gharama, na gharama kila mtu huibeba mwenyewe. Hakuna bima duniani itakayokulipia deheni usiyoipaka. Ukienda na mashua iliyozama, na mkaguzi akaziona mbao zake zimekuwa kama chujio, atakuambia kwa adabu kwamba bahari haina kosa.

Kwa hiyo ada za namna tatu zatakiwa kwa mwenye chombo, na ya bima ndiyo ya mwisho. Kwanza ni ada ya uangalifu: kupaka deheni, kukalafati, kuwa na maboya, kusikiliza Mamlaka ya Hali ya Hewa itoapo tahadhari. Pili ni akiba, kwa mambo madogo yanayotokea mara kwa mara, kama nyavu kunasa mwambani. Ukiyapeleka hayo kwenye bima, utalipa ada kubwa kwa jambo ambalo debe la fedha chini ya kitanda lingelimaliza. Ndipo inapokuja bima, kwa yale yatokeayo kwa nadra lakini yakitokea humwacha mtu hana hili wala lile.

Sasa nataka niwaondoshee dhana moja, kwamba jambo hili ni la kigeni. Fikirini jahazi la zamani, limetoka Rufiji limejaa boriti za mikoko, na ndani yake mna mali ya wafanyabiashara watano. Tufani linavuma, maji yanaingia, nahodha anaamuru shehena itoswe ili chombo kiwe chepesi. Inatoswa mali iliyo juu, na iliyo juu ni ya mtu mmoja. Chombo kinaokoka, watu wanaokoka, na mali ya wale wanne inafika salama. Je, ni haki huyo mmoja apotelewe peke yake, ilhali mali yake ndiyo iliyowanunulia wenzake uzima? Mabaharia wa kisiwa cha Rhodes, katika bahari ya Mediterania, waliliamua jambo hili zama za kale, na uamuzi wao ukaandikwa katika vitabu vya sheria vya Kirumi vilivyokusanywa kwa amri ya Mfalme Justinian katika karne ya 6: kilichotolewa kwa ajili ya wote, wote watakichangia. Wale wanne watalipa, kila mmoja kwa kadiri ya mali yake iliyookoka, na mpaka leo meli kubwa zipitazo mbele ya Mafia huendeshwa kwa kanuni hiyo.

Huo ndio moyo wa bima, wasikilizaji wangu: msiba wa mmoja kugawanywa kwa wengi, hata usiwe msiba bali uwe mchango. Wengine waliofuata waliongeza hesabu na karatasi tu. Huko London, katika karne ya 17, mtu mmoja aitwaye Edward Lloyd alikuwa na mkahawa, na mwaka 1688 habari zake zilikwisha kuandikwa. Manahodha na wenye merikebu walikusanyika humo kunywa kahawa na kupashana habari za vyombo, na matajiri wakawa wanatia sahihi zao chini ya karatasi, kila mmoja akitaja kiasi cha hasara atakachokibeba chombo kikizama. Kutokana na kahawa hiyo likazaliwa soko kubwa la bima, liitwalo Lloyd's hata leo. Nami hujiuliza, kwa mzaha lakini si kwa mzaha sana, kwamba sisi watu wa pwani tumekunywa kahawa barazani miaka mingapi, na kupashana habari za vyombo vingapi, na kila tulipoondoka tuliacha vikombe tu?

Pengine hatukuihitaji karatasi kwa sababu tulikuwa na jirani. Mzee wangu wa Bwejuu alinieleza hivyo, na maneno yake yana uzito. Nyumba ya mtu ikiungua, vijana hukata miti na kina mama husuka makuti, na kabla ya mwezi mwingine kuandama mtu amerudi chini ya paa lake. Akifa mtu, sanda haimshindi, kwa kuwa kuna chama cha kuzikana. Mashua ya mtu ikivunjika, mwenzake humpa nafasi katika chombo chake, ale na wanawe. Akina mama nao wana upatu wao. "Hii siyo bima?" aliniuliza. Ni bima, nilimjibu, tena nzuri, isiyo na stempu.

Lakini ina kasoro moja, nayo ndiyo hasa iliyonifungisha safari ya kuja mbele ya kipaza sauti hiki kuzungumza nanyi. Ujirani huponya msiba wa mmoja. Hauponyi msiba wa wote kwa pamoja. Nyumba moja ikiungua, nyumba arobaini zitasaidia. Paa arobaini zikiezuliwa usiku mmoja, nani atamsaidia nani? Yule ambaye angekupa nafasi katika mashua yake, naye mashua yake imo juu ya mwamba.

Msidhani nabuni. Tarehe 15 Aprili 1872 tufani kubwa liliipiga Unguja, likavunja vyombo bandarini, pamoja na merikebu za Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, na likaing'oa mikarafuu na minazi kwa wingi usiosemeka. Mwenye shamba la karafuu hakuwa na wa kumkopa, maana jirani zake wote walikuwa wenye mashamba ya karafuu yaliyolala chini. Walakini Pemba, ambayo kwa dau si mbali, tufani halikuipiga vile. Mikarafuu yake ilisimama, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyoongoza kwa karafuu. Yatafakarini hayo. Lau wenye mashamba wa Unguja na wa Pemba wangalikuwa na mfuko mmoja, kila mmoja akitia kidogo kila mavuno, waliosimama wangaliwanyanyua walioanguka, na siku nyingine mambo yangaligeuka. Mfuko wa Unguja peke yake usingalifaa kitu, kwa kuwa ungalibomoka siku ile ile moja na mashamba.

Lindi nao walipatwa na tufani mwezi wa Aprili mwaka 1952. Na Mafia yenyewe? Tarehe 4 Mei 2024 kimbunga kilitua kwenye kisiwa cha Mafia, na jina walilokipa lilikuwa Hidaya. Zawadi gani hiyo, Mola atustiri! Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kuonya mapema, na nguvu za kimbunga zikapungua kilipogusa nchi. Tazameni miaka niliyoitaja: 1872, 1952, 2024. Kati ya tufani na tufani mtu aweza kuzaliwa, akaoa, akazaa, akafa, asione hata moja. Na hiyo ndiyo sababu akiba ya mtu mmoja haiwezi kulingojea, na kumbukumbu ya kijiji hulisahau. Lazima apatikane jirani wa mbali: mkulima wa Mbeya, mwenye duka wa Mwanza, tajiri wa meli wa nchi asiyoijua mtu, ambaye tufani la Mafia halimgusi hata kwa manyunyu. Bima ni hila ya kumpata huyo jirani wa mbali. Nasema tena: jirani wa karibu kwa msiba wa mmoja, jirani wa mbali kwa msiba wa wote.

Sasa tuzipitie aina zake, si zote, bali zile zinazomhusu mtu wa kisiwani. Kuna bima ya chombo chenyewe, yaani mbao, tanga na mashine. Kuna bima ya shehena iliyomo ndani, ambayo si bima ya chombo, hata mtu akidhani ukiikata moja umezikata zote. Na kuna bima ya dhima, ambayo hulipa pale chombo chako kitakapomdhuru abiria au kuvunja chombo cha mwenzio. Mashua moja, bima tatu. Na kabla ya zote tatu huulizwa swali dogo ambalo huwashinda wengi: chombo kimesajiliwa? Mashua isiyo na cheti, machoni mwa mwenye bima, haipo. Imezama kabla ya kuzama.

Kuna bima ya maisha, na hii jina lake si sahihi, kwa kuwa hakuna awezaye kuyakinga maisha. Kinachokingwa ni chakula cha walioachwa. Hii hutofautiana na zile za chombo kwa jambo moja. Mashua ikizama, hulipwa thamani yake na isizidi, kwa sababu fidia ni kumrudisha mtu alipokuwa, si kumtajirisha. Kama sivyo, vyombo vingezama kwa wingi usiku wa giza. Lakini mtu hana bei, basi katika bima ya maisha hulipwa kiasi kilichopatanwa tangu mwanzo.

Na kuna bima ya afya, ambayo Serikali imeishughulikia kwa hatua: Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ulitungiwa sheria mwaka 1999 na ukaanza kazi mwaka 2001, kwanza kwa watumishi wa umma, pamoja nao ikawapo mifuko ya afya ya jamii kwa watu wa vijijini, na mwaka 2023 ikapitishwa sheria ya bima ya afya kwa wote. Ni neema, nami sitaki kuitia doa. Lakini mtu wa Bwejuu na afikiri kama mtu wa Bwejuu. Mgonjwa wake akizidiwa usiku, hospitali ya wilaya iko Kilindoni, na kati yake na Kilindoni kuna maji. Kadi ya bima humngojea hospitalini kulipa kitanda na dawa. Petroli ya mashine na ujira wa nahodha anayeamshwa saa nane za usiku, wenye kisiwa huchanga wenyewe. Hapo jirani wa karibu bado ana kazi, na huenda kazi hiyo ni kubwa kuliko ya kadi. Ukikata bima yoyote, usiulize tu italipa nini. Uliza pia itaanzia wapi kulipa.

Nije kwenye mkataba. Mtu wa bima hutaka kwako ukweli wote, na ukificha jambo, ahadi yake huvunjika. Kama mashine ya mashua yako ilikwisha kuungua mara moja, sema. Kama unavua usiku, sema. Na ukitaja thamani, taja iliyo kweli, wala usiipunguze ili ulipe ada ndogo. Tuchukue mfano mmoja tu wa hesabu, nami sitaongeza wa pili. Mashua yako ni ya shilingi milioni 10. Wewe umeikatia bima ya milioni 5. Ikapata hasara ya milioni 4. Unafikiri utalipwa milioni 4, kwa kuwa haijafika 5? Aghalabu utalipwa 2. Kwa nini? Kwa sababu uliikinga nusu ya mashua, na hasara nayo italipwa nusu. Hili huwafanya watu waite bima wizi, ilhali limeandikwa ndani ya karatasi ile ile waliyoitia sahihi. Na ikiwa kweli umedhulumiwa, usinung'unike barazani tu: ipo Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, iliyosimamishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hiyo ndiyo milango ya kubisha.

Hapa najua wako masheikh na wazee wanaonisikiliza kwa jicho la pembeni, wakisema: na dini je? Swali lao ni la haki. Biashara ya bima ya kawaida imetiliwa shaka na wanazuoni kwa sababu ya gharari, yaani kuuziana kisichojulikana, na kwa sababu ya riba. Na mwaka 1985 Baraza la Fiqhi lililokutana Jeddah liliiharamisha bima hiyo ya biashara, ila likaipitisha bima ya ushirika, ambamo watu huchangiana kwa nia ya kusaidiana na hakuna anayenunua wala kuuza hatari. Hiyo ndiyo itwayo takafuli, ambayo kampuni yake ya kwanza ilianza Sudan mwaka 1979 na sasa imeshafika kwetu. Mimi si mwanazuoni, basi sifutu. Ila nikilitazama lile jahazi la boriti na wale wafanyabiashara watano, naona takafuli si ngeni kwa mabaharia.

Lakini ipi itamfaa mwenye dago, asiye na cheti cha nyumba wala anwani? Wafugaji wa Kenya wamejaribu njia. Huko Marsabit, tangu mwaka 2010, mfugaji hukatiwa bima ambayo haimhesabii ng'ombe waliokufa, kwani nani atakwenda jangwani kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama majani kutoka juu, na majani yakikauka kupita kipimo kilichopatanwa, watu hulipwa bila kudai. Na katika visiwa vya Karibiani, mwaka 2019, Grenada na Saint Lucia walianzisha bima ya wavuvi kwa mtindo kama huo, kipimo kikiwa ni ukali wa dhoruba. Dosari iko: kipimo chaweza kusema majani yapo, na ng'ombe wako wakafa, chaweza kusema upepo haukufika kiasi, na paa lako likaruka. Hata hivyo, kwa kijisiwa kama Bwejuu, ambako mkaguzi wa hasara hafiki kwa urahisi na karatasi hulowa, naona njia hii ina nuru kuliko zile za mkoba, na ningependa kuwasikia wenye kampuni zetu wakiizungumza kwa ajili ya wavuvi kama wanavyoizungumza kwa ajili ya mazao.

Wakati wetu unakaribia kwisha. Haya yote nilimweleza mzee wangu, jua likishuka upande wa Rufiji, naye akasikiliza bila kuiacha kazi yake mpaka deheni ikaisha kwenye kibuyu. Kisha akajifuta mikono akaniuliza: "Huyo mtu wa Mwanza, atanilipia mashua yangu ikivunjwa na tufani?" Nikamwambia, kwa fedha ya mfuko, naam. "Na duka lake likiungua, mimi nitakuwa nimemlipia?" Naam, kwa fedha ile ile. Akanyamaza, akaitazama bahari kitambo, kisha akanigeukia kwa uso wa mtu anayeuliza jambo la lazima lililosahauliwa.

"Sasa jina lake nani?"

Sikuwa na jawabu.